Huu Mwili

Mwanangu unayenisoma, mwaka mzima niliwaambia majirani zangu wa mtaa wa Umoja kwamba kila Alhamisi naenda Donholm kutibiwa mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Nilikuwa naenda kwa mshauri nasaha, kwa sababu mimi na mwili wangu tulikuwa hatusemezani. Msomi mzima, mwandishi wa makala kuhusu uhuru wa wanawake, nilikuwa navaa nguo nikiwa nimekipa kioo kisogo.

Nakumbuka siku ya harusi ya dada yangu. Fundi wetu wa nguo wa Eastleigh, Mama Zamzam, alitaka sote wa kuvaa sare twende atupime. Mimi nilimpigia simu nikamsomea vipimo vyangu vya nilipokuwa msichana wa chuo. Gauni lilipofika halikupita mabegani. Nilimlaumu fundi mbele ya watu, kisha nikajifungia ndani ya gari nje ya kanisa hadi picha zikaisha. Dada yangu hana picha ya siku ile niliyomo.

Binti yangu Nekesa alipochumbiwa, hakuniuliza kuhusu ukumbi wala chakula. Aliniuliza, "Mama, na kwa harusi yangu pia utakuwa kwa gari?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Donholm. Mshauri alikuwa msichana wa umri wa wanafunzi wangu, nami nikamhutubia vilivyo. Aliningoja nimalize. "Mama, tangu uingie unasema 'huu mwili'," akaniambia. "Huu ni wa nani?"

Nilicheka, kisha nikajisikiliza. Nilikuwa nauzungumzia kama gunia ambalo mtu aliniachia sokoni Muthurwa nimshikie, asirudi.

Kazi aliyonipa ilinikera kwa udogo wake. Aliuliza ninavyojipaka mafuta nikitoka kuoga. Nikamwambia: uso, mikono, na miguu kutoka gotini kwenda chini. Yaani sehemu za watu kuona. Akanitaka nipake na zile wasizoziona, polepole, bila kuzitusi. Mwanzoni nililipaka tumbo kama mtu aliyelazimishwa kupaka rangi ukuta wa jirani. Kuna siku nililia, na kuna siku nilichelewa kazini tu. Sikuamka asubuhi moja nikajiona malkia, hilo usilitarajie. Ila matusi yalipungua, na siku moja nikajikuta nimemaliza kupaka tumbo huku nikiwaza mboga ya jioni.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijisikia unausema mwili wako kama mali ya mtu mwingine, tafuta mtu aliyesomea kazi hiyo uzungumze naye. Nenda mapema kuliko nilivyoenda mimi, na majirani wakiuliza, usisingizie mgongo. Mungu akuzeeshe salama ndani ya mwili unaoufahamu, na wajukuu wako wakuone kwenye picha.

Wiki jana Mama Zamzam alinipigia. Nekesa alikuwa jikoni akiosha vikombe.

"Mwalimu, nataka kukata kitambaa cha mama ya bibi harusi. Vipimo ni vile vyako vya simu?"

"Vifute hivyo," nikamwambia. "Mwili wangu umebadilika. Nakuja uupime."

Nekesa akatokeza mlangoni mwa jikoni, kikombe chenye povu mkononi.