Neno la Susu Kando ya Mto

Mwezi jana nilipita Zombe, Ukambani, kwa gari, na kabla sijamaliza ndizi niliyonunua njiani tukawa tumeshavuka mto. Daraja, rafiki yangu! Dereva hata hakupunguza mwendo. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili, mtu mzima na miwani yangu, kwa sababu mchanga kule chini ulikuwa mkavu na jua lilikuwa kali, na najua mto ule unavyodanganya.

Miaka ya sabini baba alifanya kazi Mombasa, na huko ndiko nilikozaliwa. Kikamba changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilipoletwa Zombe pamoja na ndugu yangu mdogo kukaa kwa nyanya, ambaye kwetu huitwa susu, watoto walinicheka kila nilipofungua mdomo. Lakini nilipapenda. Nilipenda isyo ikitokota mchana kutwa, mahindi na maharagwe kwenye chungu kimoja, na harufu ya moshi ndani ya vibuyu. Nilipenda hata kuchimba mchanga wa mto mpaka maji yajae polepole shimoni, uyachote kwa kata bila kuyatibua. Susu alikuwa mtu wa kanisa. Kila kulipopambazuka aliomba kando ya ghala lake, kwa sauti, kisha akanyamaza kwa muda mrefu kuliko aliotumia kuomba. Nilipomwuliza kama amelala, alinijibu kwamba ukimwuliza mtu swali, si unamwacha ajibu?

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia, ndugu yangu akashikwa na homa. Akaacha kula, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Pale kwenye shimo la maji jirani yetu, mama mmoja asiyechoka kusema, aliwaambia wenzake kwamba ile si malaria. Mtoto ametazamwa vibaya, alisema, na anayetazama hivyo hatoki mbali. Asubuhi yake nikamsikia Susu kando ya ghala akilia, akimtaja ndugu yangu, akimsihi Mungu ampe uoi.

Neno hilo nililijua. Mgeni yeyote hulijua upesi akifika Ukambani. Uoi ni uchawi.

Uji alionipa Susu niliwamwagia kuku, kisha nikachuchumaa kuwatazama kama watakufa. Hawakufa, nami nikakata shauri kwamba basi sumu ni ya ndugu yangu. Susu alipomfunga mgongoni kwa leso akasema tunampeleka dispensari ng'ambo ya mto, niliwafuata nikiwa na hakika kwamba hatafika. Jirani alitusindikiza. Njia nzima nilitazama ule mguu mdogo ukining'inia kando ya kiuno cha Susu, nikiogopa kupepesa macho.

Mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, wa kuchoma nyayo. Jirani akatangulia kushuka. Susu akasimama ukingoni, akafumba macho, akalinong'ona tena lile neno, kisha akanyamaza. Alinyamaza hata nikasikia ndugu yangu akihema.

"Tungoje," akasema.

Jirani akafoka kutoka kule chini mchangani. Anangoja nini, na mtoto anaisha mgongoni mwake? Hapo uvumilivu wangu ulikwisha. Niliukamata ule mguu nikauvuta.

"Mwache! Nimekusikia ukiomba uoi!"

Jirani alimtazama Susu, akapiga hatua kurudi nyuma. Uso wa Susu ulibadilika, nami nikaona kwamba yeye pia ameogopa, maana kwa neno kama lile bibi kizee angeweza kuchomewa nyumba na watu aliowapikia.

Kisha tukasikia mngurumo. Jirani alipanda ukingo kwa mikono na magoti, na maji yakapita pale alipokuwa amesimama, mekundu, yamebeba magogo. Juu yetu hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani.

Tulikaa ukingoni tukingoja yapungue, ndugu yangu akiungua mapajani mwa Susu, na hatukujua kama atatungojea. Hapo ndipo Susu aliponifundisha.

"Si uoi, ni ui, mwanangu. Hekima. Nilimwomba Mungu hekima."

Nilimwuliza Mungu amemwambia nini. Alisema hakusikia sauti yoyote, ila aliponyamaza ndipo aliponusa udongo mbichi kwenye upepo, na hapa kwetu hapakuwa na tone. Nikamwuliza kama aliogopa.

"Bado naogopa," akasema, akinishika mkono.

Alasiri wanaume walitushika mikono wakatuvusha, maji magotini. Ndugu yangu alidungwa sindano akalia kwa nguvu, na Susu akakaa chini palepale mlangoni. Yule mtoto leo ni mzee wa kitambi, anabishana na kila mtu. Jirani hakulitaja lile neno kwa mtu yeyote, na kwa mtu kama yeye hilo si jambo dogo.

Ghala la Susu halipo sasa. Mashimo yamefukiwa, maji ni ya bomba. Kanisani kwake tunaomba kwa spika, na amina ikishasemwa kila mtu anatafuta simu yake. Mimi bado naomba ui, nikilitamka polepole nisije nikakosea. Kisha nanyamaza, na kinachotangulia kuja ni hofu, kila mara. Naiacha ipite, nikiwa nimekaa ukingoni.