Mdomo Ulipopinda Mbele ya Kamera

Mie naitwa Hamisi, mkazi wa Mtoni, Temeke. Naongea polepole, mtanivumilia.

Ujana wangu niliupitia Moscow, enzi za Wasovieti. Nilipelekwa kusomea mitambo, lakini mwaka wa pili akaja mtu wa filamu bwenini kwetu, anatafuta sura za Kiafrika. Nikacheza filamu sita. Nilikuwa baharia, mfungwa, mpigania uhuru. Maneno nilikuwa nayakariri kwa Kirusi mpaka nayaota, lakini filamu ikitoka nasikia sauti ya Mrusi fulani ndiyo imewekwa kinywani mwangu. Iliniuma. Inaniuma hadi leo.

Niliporudi nyumbani, hizo filamu hakuna aliyezijua. Nikafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kurasini hadi nikastaafu. Uzeeni ndipo vijana wa maigizo wakaanza kuniita, nicheze baba mkali.

Siku hiyo tulikuwa tunarekodi Tandale. Katikati ya maneno mkono wa kulia ukafa ganzi. Mdomo ukapinda, udenda ukanitoka. Nataka kusema naumwa, ulimi mzito kama gogo. Mwongozaji akasema, "Safi sana mzee, hivyo hivyo." Kamera ikaendelea. Nilipoanguka wakapiga makofi. Walishtuka walipoona suruali imelowa mkojo.

Hospitali sikupelekwa. Shemeji yangu alisema nimetupiwa kitu, nikalazwa kwa mganga. Siku tatu nafukizwa moshi. Sauti iliporudi, maneno yakatoka ya Kirusi. Nikawa nasema "vada, vada," yaani maji. Shemeji akasema, "Mnasikia? Jini la Kizungu hilo." Mie nina kiu, wao wanamuuliza jini anataka nini.

Binti yangu Rehema, niliyemfundisha maneno mawili matatu ya Moscow utotoni mwake, alipofika kutoka Morogoro alisikiliza kidogo tu. "Baba hana jini. Hicho ni Kirusi." Akaniingiza kwenye bajaji mpaka hospitali.

Daktari akasema, "Ni kiharusi. Mngemleta siku ile ile, mkono huu ungekuwa na hali nzuri zaidi." Kuhusu Kirusi akasema lugha zote bado zimo kichwani, moja tu imetangulia kutoka.

Nikakaa miezi minane navishwa nepi na mwanangu wa kumzaa. Uji unanimwagikia kifuani. Mama aliyenifundisha mazoezi ya kuongea akinionyesha kijiko, najua ni kijiko, mdomo unasema kitu kingine. Nililia kwa hasira. Nilirusha vikombe. Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni wageni. Nikitafuta neno wananimalizia, tena wanakosea.

Neno langu la kwanza la Kiswahili lilikuwa "acha". Nilimwambia shemeji, alipokuwa ananisemea. Rehema alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa natembea kwa fimbo. Kifungo cha shati bado kinanishinda. Juzi wale vijana wa maigizo walikuja. "Shikamoo mzee. Tuna nafasi ya mgonjwa asiyesema, inakufaa." Nikawajibu, ikachukua muda, "Nipeni mwenye maneno." Hawajarudi.

Namshukuru Mungu, namshukuru Rehema, namshukuru yule mama wa mazoezi aliyeviokota vikombe vyangu bila kununa. Nanyi ndugu zangu, mdomo wa mtu ukipinda, hospitali siku hiyo hiyo, dua mtasoma njiani. Na mgonjwa akitafuta neno, nyamazeni. Atalifikia mwenyewe.