Sentimeta Tano za Mwanzo

Wasomaji wangu, mtu aliyetufundisha fizikia hapa Kalemie hayupo tena. Tulimzika Jumamosi, saa tatu baada ya wakati uliopangwa, na kuchelewa huko kulitoka mikononi mwangu.

Mliosoma kwake mnaikumbuka mita ya mbao ya darasa letu. Mchwa walikuwa wamekula sentimeta tano za mwanzo, na mita nyingine haikupatikana, kama chaki nayo ilivyokuwa haipatikani. Hakulalamika. "Anza kwenye tano, halafu utoe tano," alituambia kila tulipoishika. Na jibu lisilo na kizio alilipa sifuri. "Kumi ya nini, papa? Kumi ya mihogo ao ya kilometa?" Darasa zima lilicheka, yeye alingoja jibu.

Siku ya msiba, mita ya chuma ya seremala wa jeneza ilikuwa imekatika, basi nikakimbia kuazima ile ya shule. Urefu wa marehemu tulikuwa nao kwenye karatasi ya hospitali. Nikailaza mita juu ya ubao mara mbili, seremala akatia alama na kukata. Nilikuwa nalia, watu wanatuharakisha, na sikukumbuka zile tano. Tulipofika chumba cha maiti, miguu ya professeur, mwalimu wetu, haikuingia kwenye jeneza. Tano mara mbili: zilipungua sentimeta kumi.

"Tukunje magoti kidogo, Mama," seremala alimwambia mjane kwa sauti ya chini. "Udongo hautaona."

"Magoti ya nani? Huyu hakukunja hata karatasi ya mutoto." Kisha akanigeukia. "Ni wewe njo ulileta ile mita?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulisoma kwake miaka ngapi?"

"Minne, Mama."

Seremala akang'oa ubao wa miguuni, akaunga kipande cha mbao nyeupe, nasi tukakaa juani tukisikiliza nyundo.

Tangu siku hiyo ninaitazama miji yetu kwa macho mengine. Treni ya Kabalo inafika siku ipendayo, zahanati ina kitanda lakini haina dawa, na sisi tunavisoma vitu hivyo kana kwamba ni vizima. Kuliwa na mchwa si aibu ya mita. Yeye alifundisha kwa mita mbovu maisha yake yote na majibu yake yalikuwa sahihi, kwa sababu kila asubuhi alikubali kwanza kilichopotea, akakitoa. Mimi, mwanafunzi wake aliyesifiwa, nilishindwa siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa yake.

Jeneza liliposhuka, kiungo kile cheupe kilionekana wazi miguuni. Ndiyo kazi ya mwisho niliyompa kama mwanafunzi, na kosa langu limesahihishwa kwa misumari. Mkikabidhiwa kipimo, ndugu zangu, msikimbilie kuhesabu. Kigeuzeni kwanza, mwone kinaanzia wapi.