Uzi Mweupe wa Kuanzia

Nimefungua mfuko wa nyuzi mpya, na harufu yake imenirudisha kwenye kibanda kimoja cha sokoni Tunduma, siku bibi aliponipeleka kununua uzi wangu wa kwanza wa kufumia.

Mimi niliuvamia uzi uliokuwa laini kuliko yote. Bibi aliupapasa, akausugua shavuni.

"Huu una manyoya, utakufichia matundu. Ni wa rangi gani?"

"Mweusi, bibi."

"Basi urudishe. Anayeanza lazima aone anapochoma sindano. Tafuta mweupe, usio na manyoya."

Nikamletea. Kisha akapitisha kidole kwenye ncha za sindano za kroshia, moja baada ya nyingine, akachagua nene yenye kulabu isiyokwaruza. Nilishangaa.

"Bibi, mbona huangalii, unashika tu?"

Mama muuzaji aliacha kupanga nyuzi zake, akamtazama.

"Macho yananiacha, mjukuu wangu," bibi alisema taratibu. "Ndiyo maana nataka ujifunze sasa hivi, kabla sijashindwa kukuonyesha."

Niliukumbatia ule uzi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili nilimshika bibi, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyetangulia njiani.