Vishikio vya Kusukwa

Yule msusi watu walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina lilimkaa barabara. Chai yenyewe aliinywa amesimama mlangoni mwa saluni, macho barabarani. Wiki nzima alisuka vichwa vya watu huku mguu mmoja ukipigapiga sakafu. Siku ya mapumziko, mumewe hajageuka kitandani, yeye ameshaitoa baiskeli sebuleni na kutokomea na wenzake wa safari ndefu. Walirudi jua linazama, wamechoka hoi, wanacheka.

Sasa sikia alichokifanya. Mipira ya vishikio vya usukani wake ilichakaa mpaka ikawa inabanduka. Mwingine angenunua mipya. Kiguu akaona ya nini, na kazi anayo mkononi? Akachukua rasta, zile nywele bandia za kusukia, nyeusi na nyekundu, akavisuka vishikio kuanzia ndani hadi ncha, akakaza kwa meno, akamalizia na fundo nene kule mwisho. Vikapendeza, jamani! Wenzake watatu, yaani shemeji yake, muuguzi na fundi bomba, walithubutu kuvisifu. Wiki iliyofuata akawasukia wote, apende asipende mtu.

Ndipo ganzi ikaanza. Kidole kidogo kwanza, halafu cha pete. Akanyanyua usukani, akaushusha, akaugeuza ndani, akaugeuza nje, kila jioni spana mkononi, mpaka mumewe akauliza, "Mama watoto, hiyo ni baiskeli au redio unayoitafutia stesheni?"

"Niache!" akamjibu.

Hakuwa na hamu ya utani. Asubuhi ile alikuwa akigawa nywele za mteja, rasta ikamponyoka vidoleni asijue, akaja kuiona sakafuni. Msusi asiyehisi nywele ni msusi gani? Saluni ndiyo iliyowalisha watoto. Na kuacha baiskeli, bora wamfungie ndani na kumeza ufunguo. Hakumwambia mtu. Akawa anajifinya vidole chini ya meza ya chakula, akisubiri vimuume. Wapi!

Safari iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote. Baada ya mlima wa pili wakashuka kunywa maji. Kiguu akajipenyeza nyuma ya duka lililofungwa ili atikise mikono asionekane. Akamkuta muuguzi huko huko, anatikisa yake. Pembeni fundi bomba ameibana mikono kwapani. Mara shemeji naye huyo, chupa ya maji imemshinda kufungua.

"Nyie mna nini?" akauliza Kiguu.

Wakatazamana kama watoto waliovunja sahani.

"Shemeji, nakuuliza wewe."

"Ni baridi tu, shem," akasema shemeji, jasho likimtiririka.

Muuguzi ndiye aliyejitoa mhanga. "Dada, utusamehe. Ni lile fundo. Linagandamiza hapa." Akabonyeza chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. "Kuna mshipa wa fahamu unapita hapo. Na tukiinama kwenye usukani, uzito wote unaulalia. Ukiuondolea mzigo mapema, utaamka. Polepole, lakini utaamka."

"Kumbe mlijua?"

"Tangu safari ya kwanza."

"Mbona hamkusema?"

"Tungeanzaje?" akasema fundi bomba. "Umetusukia kwa moyo mmoja. Halafu wewe mwenyewe unaendesha huku unacheka. Tukasema basi, labda mikono yetu ndiyo laini."

Kiguu alitaka kuwatukana, alitaka kweli. Badala yake akawanyooshea mikono yake. "Mimi mwenyewe vidole sinavyo. Nimeogopa mpaka nimekonda." Akaomba kisu, akachana rasta za baiskeli yake, kisha za wenzake. Wakafunga vishikio kwa vitambaa laini, wakapandisha usukani usawa wa kiti, na njia nzima muuguzi akawa anapiga kelele, "Badilisheni mikono! Legezeni!" Wakarudi wanabishana nani alikuwa mwoga zaidi.

Vidole viliamka, kwa kuchomachoma, kimoja baada ya kingine. Angefurahi, na alifurahi, ila hakutulia. Lile neno la fundi bomba, tungeanzaje, lilimfuata hadi saluni.

Asubuhi moja alikuja mama wa duka jirani, mteja wake tangu saluni ilipofunguliwa. Akakaa, akafumba macho, akauma meno, kama kawaida yake. Kiguu alipofika nusu ya kichwa, mikono ikasimama yenyewe.

"Mama, nakuumiza?"

"Hapana, mwanangu. Endelea."

"Niambie ukweli. Nakuomba."

Yule mama akafumbua macho, akamtazama kwenye kioo.

"Sana," akasema. "Miaka yote hii. Ukinisuka, usiku ule silali."

Kiguu akaanza kufumua.