Dengu za Kiomboi na Meli ya Kusini

Asubuhi niliyoripoti kazini Kiomboi, Bwana Mkaguzi wa Wilaya hakuniuliza cheti. Alinipeleka kwenye ukuta wa ofisi ulipobandikwa ramani, akaweka kidole katikati ya bahari.

"Kijana, dengu za kwenu Ulemo zinaliwa na nani?"

"Shikamoo, mzee. Zinaliwa na Wahindi wa madukani Singida."

"Marahaba. Hao wanakula kidogo tu. Nyingine zinavuka maji haya. Zinaliwa Bombei, zinaliwa kisiwani Morisi, zinaliwa na watu wasiojua kama wilaya yetu ya Iramba ipo. Kwa hiyo kuanzia leo wewe ni mtu wa bahari."

Nilicheka moyoni. Maji makubwa niliyokuwa nimeyaona hadi siku hiyo ni ziwa Kitangiri. Lakini uhuru ulikuwa bado mchanga, na sisi vijana tuliamini karibu kila tulichoambiwa na wakubwa wetu. Nashukuru kwamba hilo nililiamini.

Ukaguzi wa mazao ulikuwa kazi ya mikono, macho na meno. Kifaa chetu kilikuwa bambo, chuma chenye ncha na mfereji, unachokichoma ubavuni mwa gunia kikatoa punje za ndani bila kulifungua. Punje ukiing'ata ikakatika kwa mlio, imekauka; ikibonyea, bado. Mwenye wasiwasi alitia dengu na chumvi kavu katika chupa akaitikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mzigo una unyevu na utaota ukungu melini. Kisha tulitafuta mawe na fukusi, wale wadudu wanaotoboa punje. Mkulima aliyerudishiwa gunia hakufurahi, nami nilijifunza kumweleza kasoro yake kwa adabu.

Baada ya misimu michache nilihamishiwa Manyoni, mahali malori ya kutoka Iramba yaliposhusha mizigo ili ipande treni kwenda Dar es Salaam. Wakati huo vijiji vya Ujamaa vilikuwa vimeanza, na wanakijiji wa Kinampanda, kule Iramba, walikuwa wamelima shamba lao la kwanza la pamoja. Mwenyekiti wao alikuwa mjane mmoja, Mama Raheli, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mnunuzi wa mavuno yao alikuwa Bwana Ramlal, mtu wa Morisi aliyekaa Dar es Salaam akiinunulia nchi yake chakula. Kiswahili chake kilichechemea, lakini alikuwa mkweli.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Tulikuwa tumeshaanza kupakia mabehewa simu ilipolia ofisini kwa Stesheni Masta. Alikuwa Meneja wa Masoko, kutoka makao makuu yetu Dar es Salaam.

"Shusheni mzigo wote," aliniambia. "Meli iliyokodiwa itapitia bandari ya makaburu, Afrika Kusini, kabla ya kufika Morisi. Serikali imekwishasema, mazao yetu hayakanyagi huko."

"Bwana Meneja, meli nyingine ipo?"

"Haipo. Ikipatikana nitakuambia."

Mvua za Desemba hazikuwa mbali, na ghala la Manyoni lilikuwa la mabati, lenye joto ambalo fukusi hulipenda. Nilipeleka habari Kinampanda, na baada ya siku chache lori lilileta wakulima stesheni, Mama Raheli akiwa mbele. Nilimwamkia, akaitikia kwa mkato.

"Mwanangu, tumelima kwa jasho. Leo unasema dengu zioze kwa sababu ya njia ya meli? Hao makaburu wametufanya nini sisi wa Kinampanda?"

Nilieleza nilivyoweza: kwamba huko kusini mtu mweusi hatembei bila pasi katika nchi ya babu zake, na kwamba nchi zetu za pwani hii zilikuwa zimekubaliana kutowatajirisha wanaomtesa. Maneno yangu yalikuwa ya redioni. Niliona hayakuwaingia.

Ndipo akasimama Mzee Shabani, kibarua wa reli, ambaye ujanani alifanya kazi katika migodi ya huko. Alizungumza polepole.

"Mama, mimi nilizikwa na mawe kule chini pamoja na ndugu yangu. Mimi walinitoa. Nilipouliza lini watamtoa yeye, msimamizi akasema mashine zinaanza kazi kesho, hakuna nafasi ya kufukua. Yuko kule mpaka leo."

Mama Raheli alitazama magunia, kisha akamtazama yule mzee.

"Pole, baba," alisema. Akanigeukia. "Haya, Bwana Mkaguzi. Zisipande meli hiyo. Lakini hazitaoza. Tuambie la kufanya."

La kufanya lilikuwa jua. Dengu zikianikwa zikapata moto wa kutosha, fukusi hukimbia au hufa. Tulihitaji mahali pakavu na papana, na mahali pekee palikuwa jukwaa la stesheni.

"Jukwaa la abiria si uwanja wa kuanikia!" alifoka Stesheni Masta.

Mama Raheli hakubishana naye. Alimwomba tu aje amsikilize Mzee Shabani. Masta alikwenda, akarudi, akatuonyesha sehemu ya jukwaa ambayo abiria hawakuitumia.

Wanawake wa Kinampanda walipeana zamu, wakilala kwa jamaa zao mjini. Walitandaza maturubai, wakaanika, wakageuza, wakapepeta, wakarudisha maguniani kabla ya umande. Mimi nilipita na bambo langu. Magunia kadhaa yaliharibika tukayaondoa, na kila moja liliniuma kana kwamba ninang'olewa jino.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Itigi Bwana Ramlal aliposhuka kwenye treni, suti yake imejaa vumbi. Alikuwa ameiomba serikali yake na ya kwetu hadi ikapatikana meli ndogo ya kwenda kisiwani moja kwa moja. Alishika bambo langu, akachoma gunia, akang'ata punje. Ikalia.

"Kwetu watu wangoja," alisema. "Mimi nafikiri hapa takuta unga wa wadudu. Mama, asante sana."

"Waambie wale vizuri," alijibu Mama Raheli. "Na waambie kwa nini zilichelewa."

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Singida mjini na hata bandarini, chini ya wakubwa wakali na wapole. Nilistaafu nikiwa na afya na marafiki, na sina kinyongo na mtu. Vijana wakiniuliza nchi ndogo kama yetu ilipata wapi ubavu wa kukataa, nawaambia ubavu ulikuwa wa watu waliokuwa na cha kupoteza.

Siku redio ilipotangaza kuwa weusi wa kusini wamepiga kura, nilikwenda Kinampanda kumjulisha Mama Raheli. Alikuwa haoni tena, ameketi juani. Nilimweleza. Aliishika mikono yangu miwili.

"Mzee Shabani angekuwapo," alisema, "tungempikia dengu."