Mikato Kwenye Kitako cha Bunduki

Baba alipolazwa hospitalini kule Upper Hill kwa sababu ya moyo, mwaka wa 2004, nilijitafutia kazi. Mimi siwezi kukaa bure nikiwa na hofu. Lazima mikono ipate kitu cha kusugua. Nikaishusha bunduki yake ukutani.

Ilikuwa kuukuu. Alipewa na mzungu wa Karen ambaye Baba alikuwa akimtunzia bustani, kabla hata sijazaliwa. Mtutu ulikuwa umezibwa kwa chuma, na karatasi ya polisi ya kuthibitisha hivyo ilikaa pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Isingeua hata panya. Lakini Baba aliipenda, na mimi nilitaka aikute inang'aa, aseme angalau mara moja kwamba nimefanya kazi nzuri. Mzee yule alikuwa bahili wa sifa.

Nilinunua msasa pale Adams Arcade, wa kukwaruza na wa kulainisha. Kutu niliitoa kwa stilwaya ya kusugulia sufuria na mafuta ya taa, siku tatu nzima, hadi vidole vikachubuka. Kisha nikaigeukia mbao. Chini ya kitako palikuwa na mikato midogo ya kisu, imejipanga. Niliihesabu: minane. Nikajua, au nikajidai kujua, kwamba ni wanyama aliowaua yule mzungu. Kwa nini Baba atunze majigambo ya mtu mwingine? Nikasugua mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto, nikapaka mafuta, nikajipongeza.

Aliporudi nyumbani nilimwekea magotini. Aliutazama mtutu, akaguna kwa kuridhika, nami nikavimba kichwa. Halafu kidole gumba chake kikaenda chini ya kitako, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena.

"Zile alama ziko wapi?"

"Nilizitoa, Baba. Si zilikuwa za wanyama wa mzungu?"

"Wanyama gani? Hiyo ni nyinyi."

Kwetu watoto hawahesabiwi; ni kukiita kifo. Mtu akimuuliza Baba ana wangapi, alijibu, "Ni wale Mungu alinipa," na hapo maneno yakaisha. Sikuwahi kufikiri kwamba naye alihitaji pa kuwaweka.

"Lakini Baba, sisi tuko..."

"Usiseme!"

Tuko sita. Aibu ilinichoma hadi masikioni.

Alitoa mfukoni kisu chake cha kumenyea machungwa, akanipa, maana mkono wake bado haukuwa na nguvu. "Rudisha vile zilikuwa. Na usihesabu kwa sauti." Akageuza uso, akatazama dirishani.

Nikakata, mmoja baada ya mwingine, katika mbao ile niliyoihangaikia wiki nzima. Nilipomaliza wa sita nikasita, nikainua kisu.

"Endelea," alisema bila kugeuka. "Hao waliotutangulia hawana mahali pengine."